Maumivu ya Leo ni ya Nani

Asubuhi ya mwisho ya Efrazia kwenda shamba kwa miguu yake ilikuwa asubuhi kama nyingine. Aliamka mapema, akachochea moto, akapika uji wa muhogo. Sukari haikuwepo kijijini tangu mwezi wa Ramadhani. Akamwita mumewe.

"Baba Bertha, amka. Uji wa leo nimetia sukari ya mawazo. Kila funda, wewe iwaze sukari."

Fabian akanywa funda moja. Akawaza.

"Haikolei."

"Kwa sababu unawaza kibahili. Waza kama tajiri."

Akacheka mwenyewe. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, kuku wa uani walikuwa wakikisikia wanasogea kando.

Sasa Fabian ni mzee na Efrazia ametangulia. Watu wakimtaka Fabian awaeleze habari za mkewe, hawaelezi kuzaliwa wala harusi. Huanza na uji huo. Kabla ya uji huo, husema, Efrazia alikuwa mke wake tu. Baada yake akawa mtu wa watu wengi.

Mwaka ulikuwa wa sabini na tano, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Wao walikuwa Waluguru wa Matombo. Fabian aliteremka mwaka wa Uhuru kukata mkonge. Kazi ya mkonge ilipofifia hakurudi milimani. Mzaramo mmoja mwema alimkatia kipande cha pori upande wa Kisarawe, naye akapanda muhogo na mikorosho, akamleta mkewe na binti yao Bertha, ambaye alikua akaolewa Dodoma. Halafu ikaja Operesheni, wakaambiwa wahame na wenzao wakae kwenye kijiji kimoja, nyumba kwa mistari kama askari wa gwaride. Mikorosho ikabaki porini na nyani. Kijiji chenyewe kilikuwa kati ya Kisarawe na Kibaha. Aliyetaka hospitali au duka la maana alikwenda Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, na kama ana mzigo aliondoka alfajiri akafika jua limechwea.

Asubuhi ile rimu la lori lililotundikwa penye ofisi ya kijiji likapigwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya shamba la ujamaa. Wakatoka. Efrazia mbele, Fabian nyuma. Efrazia alikuwa na hatua fupi za haraka, Fabian hatua ndefu za polepole, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyembadili mwenzake.

Njiani wakakutana na Mwanahalima, jirani yao, mtoto wake mdogo Saburi mgongoni.

"Hao wa milimani wanashuka," Mwanahalima akasema. "Jamani shikeni kuku wenu."

"Kuku gani? Mzaramo ana kuku? Si mlishawachinja wote kwenye ngoma?"

"Ngoma tutacheza. Ninyi mtabaki kupanda mawe."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana kila siku ya Mungu. Wazaramo na Waluguru ni watani tangu mababu. Mtani hukutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Akichukua kitu chako mbele yako, unacheka. Ukiwa na msiba, yeye ndiye anayekuja kuigiza kilio chako mpaka wafiwa washike mbavu. Aliyekasirikia mtani amejivua heshima yeye mwenyewe.

Shamba lilikuwa bado pori, siku hizo walikuwa wakifyeka. Maneno, mume wa Mwanahalima, ndiye aliyekuwa bingwa wa shoka. Alikuwa na mti mkubwa siku ile, alianza nao tangu jana yake. Aliukata upande unaostahili, akapiga ukelele watu wakae kando. Watu wakakaa kando. Mti ukaanza kulala, kisha ukajizungusha juu ya kisiki chake kama mtu aliyeitwa nyuma, ukaja upande wa watu. Wakakimbia. Efrazia alikimbia kuwapita wote, ndivyo alivyokuwa. Ncha ya tawi ikamfikia mgongoni.

Alibebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka Kibaha. Wanaume walipokezana mabega njia nzima. Maneno peke yake hakutaka kupokewa. Walipofika bega lake lilikuwa limechunika, naye hakusema neno kwenda wala kurudi.

Hospitali alilala mpaka mvua za vuli zikaisha. Daktari mmoja mpole akamwita Fabian pembeni. Akamwambia, "Mzee, mkeo ataishi. Kutembea hatatembea. Na kiuno kitakuwa kikimuuma, nisikudanganye."

Fabian akasema, "Ataishi?"

"Ataishi."

"Basi."

Akamrudisha nyumbani kwa lori la kijiji, amelala juu ya magunia.

*

Hapo sasa ndipo penye shida. Mwili ulirudi nyumbani, mwenye mwili hakurudi. Efrazia aligeukia ukuta. Akiulizwa kama amelala anasema ndiyo. Akiulizwa kama anataka chakula anasema baadaye. Rozari yake ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kichwa chake naye hakuinua mkono kuitungua. Kuku wakazoea kulala mlangoni, kwa kuwa hakuna kicheko cha kuwafukuza.

Fabian akawa mpishi. Alimwogesha, akamfulia, akasonga ugali wa yanga ulioungua chini na kubaki mbichi juu. Wanaume wakipita wanamtania, "Fabian, kanga umeifunga vibaya." Naye anawajibu, "Njoo unifunge, wewe uliyezoea." Lakini jioni akikaa mlangoni hakuwa na la kuongea. Hakuwa msemaji hata zamani. Msemaji wa nyumba hiyo alikuwa amegeukia ukuta.

Waliokuja kumpa pole walikuwa wengi. Mwanahalima hakuja. Maneno alikuja siku moja, akakaa chini uani, akachora mchanga kwa kijiti, akaondoka. Efrazia aliliona hilo. Siku moja akauliza, bado anaangalia ukuta, "Mtani wangu amehama?"

"Yupo," Fabian akajibu. "Anaona aibu. Shoka lilikuwa la mumewe."



Mwezi uliofuata akaja Leodegar kutoka Matombo. Huyu ndiye kaka yake Efrazia, mkubwa kwake, mtu wa kofia na koti hata wakati wa jua. Kwa Waluguru mwanamke haachi kuwa wa kwao. Watoto wake ni wa ukoo wa mama, na akiugua ugonjwa wa kumlaza kitandani, kaka zake ndio wenye neno. Mume husikiliza.

Leodegar akala ugali wa Fabian wote, kwa adabu. Akanawa. Akasema, "Shemeji, umemtunza vizuri. Hilo tumeliona na tutalisema nyumbani. Lakini unalima peke yako, unapika peke yako, na huyu anaangalia ukuta. Mgonjwa wa namna hii hukaa kwao, katikati ya mama zake. Sasa hivi kwetu mvua haijakatika, njia ya mlimani ni utelezi. Tukishavuna nitarudi na vijana tumchukue."

"Nimesikia, Shemeji."

"Una neno?"

Fabian alikuwa na maneno mengi kuliko siku zote za maisha yake, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Akasema, "Sina."

Leodegar akamgeukia dada yake. "Nawe, Dada?"

Efrazia akasema kwa ukuta, "Mzigo hauulizwi unakwenda wapi."

Leodegar akaondoka. Tangu hapo Fabian akawa akiangalia mahindi yakikua kwa jicho baya. Kila mkulima huomba mahindi yakomae upesi. Yeye alitamani yakawie.

*

Jumamosi moja akaja Mwalimu Gregori, katekista, kwa baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa pete tupu bila tairi. Alikuwa mtu mnyofu, hakujua kupamba maneno. Alikuwa na desturi ya kuzungukia wagonjwa.

Akakaa kwenye kigoda. Akaanza kama ilivyo kawaida, kwamba mateso ni zawadi.

Efrazia akageuka. Kwa mara ya kwanza aligeuka mwenyewe.

"Mwalimu, zawadi hii ungeletewa wewe, ungepokea?"

Gregori akafikiri. Fabian aliyekuwa anapepeta unga nje akasimamisha ungo ili asikie.

"Ningekimbia," Gregori akasema.

"Haya. Tuanzie hapo."

Kisha Gregori akamkumbusha habari za yule mtu aliyekuwa akitoka shamba siku ya Ijumaa Kuu. Hakuwa mfuasi, hakuwa na habari. Alikuwa anajiendea nyumbani kwake kula, askari wakamkamata, wakamtwisha msalaba wa Bwana. Hakujitolea. Alikamatwa tu.

"Akitoka shamba?" Efrazia akauliza.

"Akitoka shamba."

"Kumbe naye alikuwa wa ujamaa."

Mwalimu Gregori akataka kucheka, akaona katekista hawezi kuchekea jambo hilo, akakohoa.

"Lakini yule," Efrazia akaendelea, "alipotua mzigo alijua amembebea nani. Mimi nimetwishwa na mti. Nabeba nini? Nambebea nani?"

"Sijui, Mama Bertha."

"Hujui kweli?"

"Sijui. Ningejua ningekuambia. Muulize mwenyewe."

Efrazia alilipenda jibu hilo. Alimwambia Fabian baadaye kwamba katika wote waliokuja, huyo ndiye aliyekuja na mikono mitupu na kuikiri. Jioni ile akaomba rozari itunguliwe msumarini. Fabian akamsikia akisema na Mungu, si kwa maneno ya kitabu, kwa maneno ya uani.

"Bwana, umenikamata nikiwa shamba. Sawa. Miguu umechukua. Sawa, ilikuwa yako. Lakini usinilaze hapa kama gunia. Nionyeshe ninambebea nani. Ukinionyesha, sitakuuliza tena habari ya miguu."

Siku zikapita. Hakuna kilichoonyeshwa. Mahindi yakatoa mbelewele.

*

Kwa akina mama wa kijiji shamba la ujamaa lilikuwa na taabu yake. Mtoto wa mgongoni ana mahali. Mtoto mkubwa anajichezea. Shida ilikuwa wale wa katikati, wanaotembea lakini hawajui waendako. Waliwekwa kivulini pembeni ya shamba, na kila mara mama mmoja aliacha jembe akakimbia kwa kuwa mtoto ameshika nge au amekula udongo. Msimamizi alilalamika, akina mama nao wakamlalamikia.

Asubuhi moja Fabian alikuwa jikoni anapambana na moto. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwanahalima akaingia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya mti. Alisimama katikati ya chumba, Saburi kiunoni, akamwangalia Efrazia aliyelala. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Fabian akadhani anataka kulia.

Mwanahalima akafungua mdomo.

"Wewe Mluguru. Wenzako tunakufa na jua, wewe umelala kama mke wa sultani. Watu wa mlimani nawajua, tambarare imekushinda ukaamua kujilaza. Shika huyu."

Akamtua Saburi kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Akatoka.

Fabian akapigwa na bumbuwazi. Utani una mipaka, alidhani. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, hajui kama anakwenda kumpiga mtu au kumwomba radhi.

"Mwanahalima," Efrazia akaita kutoka ndani. "Njoo umchukue mwanao."

"Nifuate basi," Mwanahalima akajibu kutoka njiani.

Fabian akasimama pale pale. Kisha ndani kikaanza kitu kama kikohozi, kikapanda, kikajaa nyumba, kikatoka nje, na kuku waliolala mlangoni wakaruka wakatawanyika.

Mkewe alikuwa anacheka. Njiani, nyuma ya mgomba, Mwanahalima alikuwa amejifunika uso kwa ushungi, naye analia.

Efrazia hakupata nafasi ya kucheka sana. Saburi alianza safari ya kwenda motoni. Kumwita hasikii. Kumfuata haiwezekani. Pale ukutani palikuwa na mti mrefu wenye kulabu, ule wa kuangulia mapapai. Efrazia akaunyoosha, akamnasa Saburi ukosi wa shati, akamrudisha taratibu mpaka mkekani kama papai lililoiva. Saburi akaona ni mchezo mzuri. Akaondoka tena ili anaswe tena. Mpaka mama yake anarudi mchana, mtoto alikuwa hoi kwa furaha na Efrazia jasho linamtoka.

"Mtani," Mwanahalima akasema mlangoni, sauti imepungua. "Amekusumbua?"

"Mwana wa Mzaramo, asisumbue? Mlete kesho."

Hawakuongea habari ya shoka, wala siku hiyo wala baadaye. Hapakuwa na haja. Utani ulikuwa umeshalipa deni.

Kesho yake Biasha wa nyumba ya tatu akamleta wake. Wengine wakafuata. Fabian akatoa kitanda barazani, akazungusha uzio wa fito. Watoto walimwita Efrazia Bibi, ingawa Bertha alikuwa hajazaa bado. Aliwafundisha nyimbo, akawatoa funza kwa pini, akawaamulia ugomvi akiwa amelala. Uji ulipoletwa, wote walisema bismillahi, naye pamoja nao, kisha akafanya ishara yake ya msalaba kimya kimya. Mwenyekiti wa kijiji alipita siku moja akasimama uzioni, akaangalia. Siku iliyofuata majina ya shamba la ujamaa yalipoitwa, jina la Efrazia likaitwa, naye mwenyekiti akaitika mwenyewe, "Yupo kazini."

Maneno naye akaja. Alileta magogo mafupi, ameyachonga vizuri, ya watoto kukalia. Akayapanga uzioni bila kunyanyua macho.

"Shemeji Maneno," Efrazia akamwita. "Ni ule mti?"

"Ule."

"Vizuri. Sasa ni zamu yetu kuukalia."

Maneno akanyanyua macho. Kisha akacheka, akakaa kwenye gogo mojawapo, akaomba uji.

*

Mtu asidhani maumivu yalikwisha. Daktari alisema kweli. Kulikuwa na siku kiuno kilishika moto, hasa wakati wa baridi ya mwezi wa sita, na Efrazia alifumba macho akauma ncha ya kanga. Watoto waliogopa mwanzoni.

Saburi akapata homa siku moja. Mwanahalima alimleta hivyo hivyo, amefunikwa, kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kumwacha akikimbilia klorokwini zahanati. Efrazia alimlaza ubavuni mwake. Na siku hiyo maumivu ya kiuno nayo yakaja. Fabian akamsikia akisema, "Bwana, haya ya leo yawe ya Saburi."

Jioni Saburi alikuwa anaomba muhogo.

"Umemponya?" Fabian akauliza.

"Klorokwini imemponya. Mimi nilikaa naye tu. Yeye na homa yake, mimi na kiuno changu, tukabebana." Kisha akasema, "Baba Bertha, nadhani nimeonyeshwa."

Tangu hapo hakuna maumivu yaliyopotea bure. Kila yakija, aliyapa jina. Leo ya Saburi. Leo ya mtoto wa Biasha asiyetaka kusema. Leo ya Bertha, kule Dodoma. Watoto wakazoea. Wakimwona anafumba macho, wananyamaza, wanasogea, na mmoja anauliza, "Bibi, ya leo ni ya nani?" Aliyetajwa hutembea siku nzima kifua mbele. Wasiotajwa hununa. Ikambidi Efrazia aweke zamu.

Mwanahalima akasikia.

"Mtani, nasikia unamwombea mwanangu kwa huyo wenu."

"Namwombea."

"Usije ukawa unambatiza chini chini."

"Maumivu hayana dini, mtani. Ukitaka nimtoe kwenye zamu, sema."

Mwanahalima akafikiri, mkono kiunoni.

"Usimtoe. Ila ikifika zamu yake taja na jina la baba yake. Kuna akina Saburi wengi hapa, wasije wakapewa dua za kwetu."

*

Mahindi yakavunwa. Fabian alivuna kwa mikono mizito. Na kama alivyosema, Leodegar akaja, na kofia yake na koti, pamoja na wapwa wawili waliobeba kiti kilichofungwa miti miwili ya kubebea. Walifika jioni.

Walikula. Leodegar akasema, "Kesho asubuhi, Shemeji. Tufike Kibaha tulale, keshokutwa tupate basi."

"Wewe ndiye mwenye neno," Fabian akasema. Akatoka nje akaanza kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Efrazia hakubisha. Alikuwa Mluguru, alijua neno la kaka. Alimuuliza tu habari za mama yao, akaambiwa mama hajambo, ametandika kitanda karibu na jiko.

Asubuhi akina mama wakaja na watoto kama siku zote. Mwanahalima akakiona kiti uani. Akauliza ni cha nini, akaambiwa. Akamwacha Saburi kwenye uzio. Akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti, akajifunga ushungi vizuri, akaweka mikono mapajani.

"Haya. Nibebeni."

Wapwa wakaangaliana.

"Mtani, toka," Leodegar akasema.

"Sitoki. Mmekuja kuchukua mwanamke, mwanamke ndiye huyu. Maneno nimemchoka. Nipelekeni huko mlimani nikaone hayo mawe mnayolima."

"Wewe ni mzito."

"Na ninyi ni Waluguru. Si mnasema mmezoea kupanda na mizigo?"

Akina mama wakaangua kicheko. Leodegar naye, pamoja na koti lake, akacheka, kwa maana hakuruhusiwa jingine. Huwezi kumwondoa mtani kwa nguvu. Alijaribu kumbembeleza, akaambiwa aongeze sauti, mwenye kiti hasikii. Jua likapanda. Rimu la shamba likalia, hakuna mama aliyeondoka.

Kisha Mwanahalima akaacha mzaha. Alisema akiwa bado amekaa, "Kaka, nikisimama hapa mtamkalisha yeye. Na mimi mwanangu nitamwacha na nani?"

Leodegar akageuka kumwangalia dada yake kitandani barazani. Na papo hapo kiuno cha Efrazia kikaja. Akafumba macho. Akashika ncha ya kanga. Watoto wote wakanyamaza wakasogea, kila mmoja kwenye gogo lake, kama wanavyonyamaza watu kanisani. Leodegar hakuwa ameona jambo kama hilo. Akamwangalia Fabian. Fabian alikuwa amesimama na shoka mkononi, ameangalia chini.

Saburi ndiye aliyeuliza. "Bibi, ya leo ni ya nani?"

Efrazia akangoja pumzi irudi.

"Ya leo ni ya mjomba wenu huyu. Ana safari ndefu."

Watoto wakamgeukia Leodegar, wakamwangalia kwa wivu. Leodegar akavua kofia.

"Mimi?"

"Wewe."

"Dada, yanauma sana?"

"Sana."

"Na tangu lini unayagawa?"

"Tangu nilipopata wa kuwapa."

Leodegar akasogea akachuchumaa karibu na kitanda. Mtoto mmoja akaja akamshika koti, naye akamwacha. Kisha akasema polepole, si kama mwenye neno, kama ndugu, "Nyumbani wataniuliza. Mama ametandika kitanda. Nikiingia na kiti kitupu nitawaambia nini?"

Efrazia akamtazama Mwanahalima kwenye kiti, akawatazama watoto, akamtazama Fabian. Akasema:

"Waambie sijapona. Waambie nimepewa kazi, na aliyenipa bado hajaniambia niinuke."